Usingizi wa Dereva Si Barafu

Ndizi haina subira. Kahawa ya Karagwe yaweza kulala ghalani miezi kadhaa ikingoja mnada, na maharage yaliyokauka vema yaweza kungoja msimu hata msimu. Lakini mkungu ukishakatwa mgombani saa yake imeanza kuhesabiwa, na kila mtu ambaye utapita mikononi mwake, tangu mkulima wa Nyaishozi hadi mama auzaye kwa chane huko Dar es Salaam, anashindana na saa hiyo. Ashindanaye nayo kwa taabu kuliko wote ni dereva wa lori. Leo twapenda kusema habari za mtu huyu, za ujira wake, na za gharama ambayo wengi wetu twaila kila siku mezani bila kuilipa.

Yeyote aliyepata kusimama kando ya barabara pale Nyaishozi jioni ya kupakia anaijua kazi hiyo. Mikungu hupangwa ikiwa mibichi, majani ya migomba hutandikwa chini na juu, kisha turubai hufungwa kwa kamba, na gari huondoka. Kwa njia ya kusini, dereva hukata pori la Kimisi, ambalo tangu mwaka 2019 limekuwa sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na ambalo wenye umri wanakumbuka kwamba magari yalikuwa hayalipiti bila kusindikizwa na polisi. Hutokea Benako, akashika Lusahunga, Nyakanazi, Kahama, Nzega. Akapanda mlima wa Sekenke, akaifikia Singida, kisha Manyoni, Dodoma, Morogoro na Chalinze. Ni kilomita kama 1,400. Njiani ipo mizani ya kupimia uzito, ipo foleni ya mizani, na ipo mikono ya wanaosimamisha magari kwa sababu zilizo halali na zisizo halali. Mwisho wa safari ni soko la Mabibo, ambalo watu wa Dar es Salaam hupenda kuliita Mahakama ya Ndizi. Jina hilo lilitolewa kwa mzaha au kwa bahati, hatujali. Lakini ni kweli kwamba pale hukumu hutolewa kwa kutazama ganda tu, na mshitakiwa hapewi nafasi ya kueleza alilala wapi.

Wataalamu wa mazao wanatufundisha kwamba ndizi mbichi hukaa vema katika ubaridi wa nyuzi 13 hadi 14 za sentigredi. Hapo yaweza kukaa wiki tatu na zaidi bila kuiva. Ikishuka chini ya hapo ganda hugeuka jeusi. Ikipanda hadi joto la mchana wa Singida au Dodoma, chini ya turubai, hesabu yake ni ya siku chache. Tena mkungu mmoja ukiiva ndani ya shehena hutoa hewa ya kuivisha mingine, kama mlevi mmoja katika ngoma. Dawa ya jambo hili inajulikana duniani kote, nayo ni lori la jokofu. Hapa nchini malori hayo yapo. Tunayaona yakibeba minofu ya samaki, maua na mboga za Arusha, na parachichi za Njombe na Rungwe ziendazo bandarini. Ndizi ya kupika ya Karagwe haijapata heshima hiyo. Yenyewe husafiri kwa majani na turubai.

Basi, pasipo na jokofu, ni kitu gani kinachoilinda shehena isioze? Ni mwendo. Na mwendo huo hautoki katika injini peke yake, maana injini haichoki. Watoka katika macho ya dereva yasiyofumba. Twasema wazi kwamba katika biashara hii kukesha kwa dereva kumefanywa kuwa barafu. Kila saa asiyolala ni saa moja imeongezwa katika maisha ya ndizi, na faida ya saa hiyo hugawanywa na watu wengi, lakini hatari yake huibeba yeye na utingo wake, pamoja na abiria wa gari dogo atakayekutana nao usiku wa manane penye kona.

Ujira wake hulipwaje? Katika malori mengi ya mazao dereva hulipwa kwa safari. Hupewa fedha ya njia na mafuta yaliyokadiriwa, na akifika salama hupewa chake. Gari likilala gereji, naye amelala bila kitu. Aghalabu hana karatasi yoyote mkononi. Mtindo huu wapendwa na wenye magari kwa kuwa ni mwepisi, na, tusifiche, wapendwa na baadhi ya madereva wenyewe, kwa kuwa mwenye mbio hupata safari nyingi zaidi. Lakini maana yake ni kwamba dereva anauziwa usingizi wake mwenyewe. Akilala saa sita Nzega, amejikata ujira. Mtu aliyepangiwa malipo ya namna hii haiwezekani kumwambia kwa mabango ya barabarani kwamba mwendo kasi unaua. Anajua kuliko sisi.

Tuitazame sheria ya nchi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikumsahau mfanyakazi huyu. Imesema kwamba saa za kawaida za kazi zisizidi tisa kwa siku wala 45 kwa juma; kwamba saa za ziada zisizidi 50 katika majuma manne, nazo zilipwe mara moja na nusu; kwamba mtu asifanyishwe kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, pamoja na hizo za ziada; kwamba apate mapumziko ya saa 12 mfululizo baina ya siku na siku; na kwamba aandikiwe masharti ya kazi yake. Sasa tufanye hesabu ambayo hata mtoto wa darasa la saba ataimudu. Kilomita 1,400 kwa mwendo wa wastani wa kilomita 50 kwa saa ni saa 28 za kushika usukani. Kwenda na kurudi ni saa 56. Dereva afanyaye safari moja kila juma amezidisha saa 11. Kwa majuma manne amezidisha saa 44. Yaani amebakiza saa sita tu kufikia ukomo wa sheria, na hapo hatujahesabu hata saa moja ya kungoja kupakia Nyaishozi, ya foleni ya mizani ya Mwendakulima, Njuki au Vigwaza, wala ya kungoja dalali wa Mabibo aamke. Tukizihesabu hizo, na ni haki kuzihesabu kwa sababu dereva hayuko nyumbani kwake, sheria imekwisha vunjwa kabla ya katikati ya mwezi. Na yule atakaye kuzimaliza saa 28 kwa siku mbili, kama ndizi zinavyomhimiza, huendesha saa 14 kwa siku. Hilo sheria hairuhusu hata kwa malipo.

Wenye magari watatujibu kwamba haya ni maneno ya ofisini, na kwamba wakiyafuata, nauli ya mzigo itapanda na mkulima ndiye atakayeumia. Jibu hili tumelisikia miaka mingi, na limewanyamazisha watu wengi wema. Sisi tumependa kulipima kwa namba. Tuchukulie dereva mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 kwa mwezi. Hatusemi kwamba hicho ndicho kiwango cha mtu fulani. Tumekichagua kwa sababu kikigawanywa kwa saa 195 za mwezi hutoa shilingi 2,000 kamili kwa saa. Saa ya ziada, basi, ni shilingi 3,000. Saa 44 za ziada ni shilingi 132,000 kwa mwezi, au 33,000 kwa kila safari ya kwenda na kurudi. Lori likiwa limebeba tani 25, fedha hiyo ni shilingi moja na senti thelathini na kitu kwa kilo ya ndizi.

Shilingi moja! Ndiyo inayosemekana kwamba itamfilisi mkulima.

Tuendelee mbele zaidi, tuseme gari lina madereva wawili, kama watu walivyozoea kuona katika mabasi ya masafa marefu. Mshahara wa huyo wa pili, pamoja na michango ambayo mwajiri hudaiwa na sheria, ukigawanywa kwa safari nne za mwezi haufiki shilingi tano kwa kilo. Mpe na posho ya chakula na malazi, tuseme 20,000 kwa usiku kwa siku sita, nayo ni shilingi tano nyingine kasoro senti ishirini. Jumla haijafika shilingi kumi kwa kilo. Msomaji na aende sokoni aulize bei ya ndizi, kisha arudi atuambie kama shilingi kumi ndizo zilizokuwa zikimzuia kununua.

Ubaridi wenyewe ni ghali zaidi ya mtu, lakini nao si ghali kama unavyosimuliwa. Lori kubwa lililojaa hula lita moja kwa kilomita mbili hivi. Safari ya Dar es Salaam ni lita 700. Mtambo wa ubaridi hula lita mbili hadi nne kwa saa. Tuseme tatu, kwa saa 60 tangu kupakia hadi kupakua: lita 180. Dizeli ikichukuliwa kuwa shilingi 3,000 kwa lita, kwa hesabu ya mkato, mafuta ya mwendo ni shilingi 2,100,000, na mafuta ya ubaridi ni 540,000. Hii ni kidogo zaidi ya robo, nayo kwa kilo ni shilingi 22 hivi. Ndizi iliyooza Igunga hugharimu kilo nzima.

Ugumu wa kweli uko mahali pengine, na hapa twawatendea haki wenye magari. Lori la jokofu hununuliwa kwa bei kubwa, na mara nyingi kwa mkopo ambao riba yake hailali hata dereva akilala. Bodi lake ni zito, na kwa kuwa sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake, kila kilo ya bodi na mtambo ni kilo ya ndizi iliyoachwa Nyaishozi. Na zaidi ya yote liko swali la kurudi. Lori la wazi hurudi Kagera na saruji, mabati, sukari, chumvi, hata magodoro. Ndani ya jokofu huwezi kutia saruji leo na chakula kesho, na ukitia samaki wabichi harufu haitoki upesi. Likirudi tupu, mkulima wa Karagwe amelipia kilomita 2,800 ili ndizi zake ziende 1,400. Hii ndiyo gharama itishayo, wala si mshahara wa mtu aliyeshika usukani. Lakini ajabu ni kwamba anayeambiwa abane matumizi ni huyo huyo. Mikopo haibanwi, mafuta hayabanwi, matairi hayabanwi; kinachobanwa ni kile kisichoweza kukataa.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa mitambo hawapendi kulisema kwa sauti. Mtambo wa lori umetengenezwa kulinda ubaridi uliopo, haukutengenezwa kuondoa joto la shambani. Ukipakia mikungu iliyoshinda juani mchana kutwa, mtambo utanguruma hadi Chalinze ukila mafuta bure. Kwa hiyo lori la jokofu bila banda la kukusanyia, lenye kivuli, maji na chumba cha kupoza, ni anasa. Jambo hili hulianzi Dar es Salaam wala Arusha. Hulianzia Nyaishozi penyewe, na Omurushaka, na Nkwenda kule Kyerwa. Chama cha Ushirika cha Wilaya ya Karagwe, KDCU, kimeikusanya kahawa tangu mwaka 1990 kwa vyama vyake vya msingi. Wakulima wamezoea kupeleka, kupimiwa na kuandikiwa. Ndizi hazijui kupimwa. Huuzwa kwa mkungu na kwa macho, mkulima akiangalia ukubwa na dalali akiangalia udogo, na zikioza njiani habari huja kwa simu, kutoka kwa mtu mmoja tu, naye ndiye mwenye fedha. Bila ya mizani hakuna nauli ya haki kwa kilo, na bila nauli ya haki kwa kilo hesabu zetu zote za hapo juu zitabaki karatasini.

Madereva nao wana yao, na si desturi yetu kuwafunika. Wapo wauzao mafuta ya gari njiani kwa madumu. Wapo wapakiao abiria juu ya turubai. Atakayewatetea katika hayo hatakuwa sisi. Hata hivyo twauliza: mtu aliyepewa mafuta badala ya mshahara, akaambiwa kwamba kitakachobaki ni chake, amefundishwa nini? Mwenye gari aliyelipa kwa dumu asishangae dumu likiwa ndiyo fedha.

Wala madai ya madereva si mapya. Tarehe 10 Aprili 1915 ingekuwa historia ya mbali. Lakini ilikuwa tarehe 10 Aprili 2015 walipogoma nchi nzima, abiria wakakwama Ubungo, ambako ndiko kulikokuwa kituo kikuu cha mabasi wakati huo. Mwezi wa Mei mwaka huo huo wakagoma tena. Watu wengi wanakumbuka habari ya kurudishwa darasani kila wanapotaka leseni mpya, kwa kuwa ndiyo iliyopigiwa kelele. Lakini katika madai yao lilikuwamo hili dogo na la kisheria kabisa: mkataba wa ajira. Kamati ziliundwa, ahadi zikatolewa. Mtu akitaka kujua ahadi hizo zimefika wapi, asimame kwenye mizani yoyote usiku, awaombe madereva kumi wamwonyeshe mikataba yao.

Huko nje pia jambo hili limewasumbua wenye nguvu kuliko sisi. Ulaya hupima saa za dereva kwa kifaa kilichofungwa ndani ya gari: saa nne na nusu za kuendesha, kisha mapumziko ya dakika 45. Australia iliunda baraza la kupanga ujira wa madereva wa malori mwaka 2012 kwa hoja kwamba ujira mbaya huzaa ajali. Likafutwa mwaka 2016 baada ya malori madogo ya watu binafsi kulalamika kwamba viwango vilikuwa vikiwanyima kazi. Na mwaka 2024 sheria mpya ikarudisha mamlaka ya kuweka viwango vya chini. Shirika la Kazi Duniani, katika mkutano wa wataalamu wa mwaka 2019, lilipitisha mwongozo unaounganisha ujira wa dereva na usalama wa barabara. Habari ya Australia yafaa kufikiriwa hapa kwetu kwa sababu moja: malalamiko yale yalitoka kwa wanyonge wenye gari moja moja. Karagwe nao wapo, mwenye Fuso moja aliyeiendesha mwenyewe na mwanawe akiwa utingo. Kiwango kitakachowekwa bila kumwuliza mtu huyu kitamtoa barabarani na kuwaachia njia wenye magari hamsini. Hatutaki hilo.

Mwezi wa Oktoba 2025 Serikali ilitangaza kupandisha kima cha chini cha mshahara katika sekta binafsi kwa asilimia 33.4, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Tulifurahi pamoja na wafanyakazi wengine. Lakini kima cha mshahara humfaa mwenye mshahara. Anayelipwa kwa safari, bila karatasi, hana pa kuipachika asilimia hiyo. Ataisikia redioni akiwa Shelui, na safari itaendelea.

Tunachokitaka kwa hiyo ni kidogo, na kinaweza kuanza kabla ya jokofu la kwanza kufika wilayani. Ofisi ya kazi ya mkoa ihame mezani kwa siku chache, iende mahali malori yanapopakiwa. Vyama vya msingi vya ushirika viweke mizani ya ndizi kama vilivyoweka ya kahawa, na vibandike ukutani nauli ya kilo ya kwenda Mwanza, Dodoma na Dar es Salaam, ili mkulima na dereva waisome pamoja. Vyama vya wafanyakazi wa usafirishaji viache kumngoja dereva mjini, hayuko mjini. Na kila lori liondokalo Nyaishozi na mzigo uozao liondoke na karatasi moja, iliyoandikwa saa ya kupakia, uzito, nauli iliyokubaliwa, nani atabeba hasara ya kitakachooza, na mahali ambapo dereva atalala, usiku wa kwanza na wa pili. Chini yake ziwepo sahihi tatu: ya mwenye mzigo, ya mwenye gari, na ya dereva.